Kipupwe au kaskazi? Kuchagua mlima wa kutazamia ndege

Kila mwaka ukikaribia mwezi wa sita, kuna mtu atakayeniuliza: "Baridi inaingia, nataka kwenda kutazama ndege mlimani. Niende wapi?" Nami humrudishia swali: baridi ya nani?

Afrika Mashariki tuna baridi mbili za kuchagua, na moja si yetu. Ya kwanza ni kipupwe, Juni hadi Agosti, wakati kusi inapovuma na mawingu kukalia mabega ya milima mpaka saa sita mchana. Ya pili ni baridi ya Ulaya na Siberia, Novemba hadi Machi. Huko theluji imefunika kila kitu na wadudu wamekwisha, huku kwetu upepo umegeuka kaskazi na jua linawaka. Ndege wanaoikimbia baridi hiyo huja kulala kwenye miti yetu. Watu wengi huchagua mlima kwanza, halafu wanatafuta likizo. Mimi nashauri uchague baridi kwanza, kwa sababu mlima uleule mwezi Julai na mwezi Januari ni kama milima miwili tofauti.

Nitalinganisha sehemu sita: Mlima Kenya na Aberdare upande wa Kenya, Arusha, Kilimanjaro, Amani na Udzungwa upande wa Tanzania. Sitazigawia maneno sawa. Nyingine zina mengi ya kusema kuhusu ndege, nyingine zina jina kubwa tu.

Kipupwe hufanya nini kwa ndege

Joto hupungua kwa nyuzi kama 6 za Selsiasi kila unapopanda mita 1,000. Ndege mdogo mwenye uzito wa gramu 15 hawezi kuwasha jiko, kwa hiyo ana njia mbili: ale zaidi, au ateremke. Milima ya Tao la Mashariki, ile inayoanzia Taita na kushuka hadi Udzungwa, inajulikana kwa ndege wanaoteremka. Wakati wa kipupwe baadhi ya ndege wa misitu ya juu huhamia misitu ya chini, na joto likirudi nao hurudi kupanda kuzaliana. Safari yenyewe inaweza kuwa ya kilomita chache tu, wala haihitaji pasipoti.

Jambo la pili ni sauti. Katika misitu hiyo ndege wengi huzaliana kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi Januari au Februari. Kipupwe kwao ni msimu wa kunyamaza. Hawatetei eneo wala hawaimbi kuita mwenzi. Badala yake hutembea kwa misafara: ndege wa jamii nane au kumi pamoja, wengine wakipekua majani juu, wengine magome, wengine chini kwenye takataka za msitu, kila mmoja akila wadudu waliokurupushwa na jirani yake. Utakaa nusu saa msituni usione hata unyoya, kisha ghafla mti mzima unachangamka kwa dakika tano, na kimya kinarudi. Anayetegemea masikio kutambua ndege atateseka mwezi Julai. Anayetegemea macho na ana subira atafurahi.

Jambo la tatu ni muda. Kwenye baridi, mlimani, alfajiri si lazima iwe saa bora. Nimeona watu wanaamka saa kumi usiku, wanafika ukingoni mwa msitu kukiwa na ukungu mzito, wanatetemeka saa mbili nzima, wanakata tamaa, wanarudi kunywa chai. Jua linapopenya saa tatu asubuhi na kugusa upande mmoja wa bonde, ndege wote wanahamia upande huo kujiota. Watu wale wakati huo wako mezani.

Amani: chaguo langu la kipupwe

Nianze na sehemu ambayo kwa jina si hifadhi ya taifa. Ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, kwenye Usambara Mashariki, juu ya Muheza mkoani Tanga, iliyotangazwa mwaka 1997. Wajerumani walianzisha hapo bustani ya mimea na kituo cha utafiti mwaka 1902, na miti ya kigeni waliyoipanda bado imesimama mirefu kando ya barabara. Kiwango cha baridi ni cha kistaarabu: Amani yenyewe iko mita kama 900 tu kutoka usawa wa bahari. Sweta moja na koti la mvua vinatosha.

Kinachoifanya ishinde ni ngazi yake. Lango la Zigi liko chini kabisa, ilipokuwa stesheni ya reli ya Wajerumani, na kutoka hapo barabara inapanda msituni hadi Amani. Kwa siku moja, kwa miguu au kwa gari, unapita katika tabaka zote za msitu. Mwezi Julai mimi hulala juu lakini natembea chini, karibu na Zigi, kwa sababu ndiko wahamiaji wa kipupwe wanakoteremkia. Tafuta ndege mdogo mwenye kifua cha manjano na kichwa cha kijivu-buluu, mwenye kidoa cheupe mbele ya kila jicho kama nyota. Hakai juu; husimama wima kwenye kijiti cha chini, anakutazama, anatoweka, anarudi. Mwingine ni yule mwenye kifua cha rangi ya chungwa na madoa meupe bawani, anayefukua majani makavu kama kuku. Hawa wawili ni ndege wa milimani kweli kweli, na kuwaona karibu kabisa na tambarare ni ushahidi kwamba kuna baridi huko juu.

Amani ina pia chozi wake, aitwaye chozi wa Amani, mdogo, dume mwenye kichwa cheusi kinachong'aa kijani jua likimpiga. Na kuna ndege mmoja mdogo wa kijivu mwenye mdomo mrefu, wa jamii ya washonaji, ambaye dunia nzima anajulikana hapa Usambara Mashariki na kwenye uwanda mmoja kaskazini mwa Msumbiji. Hupenda vichaka vilivyosokotana kwa mitambaa pembeni mwa barabara. Usiahidiwe na mtu kwamba utamwona.

Jina la kisayansi la ndege huyo linamkumbuka Reginald Moreau, Mwingereza aliyefika kufanya kazi katika kituo cha Amani mwaka 1928 na kukaa karibu miaka 20. Hakuwa amesomea ndege. Alijifunza hapo hapo, akisaidiwa na Watanzania waliojua msitu kuliko yeye. Baadaye ndiye aliyekadiria kwamba ndege wa nchi kavu wapatao bilioni 5 huingia Afrika kila mwaka wakikimbia baridi ya kaskazini mwa dunia. Watafiti wa karne hii wamehesabu upya wakapata kama bilioni 2.1. Hata hiyo ya pili, jaribu kuifikiria.

Kasoro za Amani ni mbili. Mvua haina adabu: hupata kama milimita 1,900 kwa mwaka na hakuna mwezi unaoweza kuuamini. Barabara ya kupanda huwa tope na utelezi, na gari dogo la chini huweza kukwama. La pili, msitu ni mrefu. Shingo itauma. Ndege wengi utawaona matumbo tu.

Mlima Kenya: baridi yenyewe

Ukitaka baridi ya kweli, ile ya kuamka ukakuta maji ya ndoo yameganda, hapa ndipo. Kilele cha juu kabisa, Batian, kina mita 5,199, lakini mtazama ndege hahitaji kufika huko. Hata Lenana, mita 4,985, ni ya mtu anayetaka picha. Ndege wako kati ya mita 2,600 na 4,200.

Kwa kipupwe chagua lango la Sirimon, upande wa kaskazini-magharibi, mita 2,650. Sababu ni upepo. Kusi huja na unyevu na kuumwaga upande wa kusini na mashariki, kwa hiyo Chogoria na misitu ya Embu na Kirinyaga huwa imezama katika mawingu. Sirimon iko kisogoni mwa mlima, na ni kukavu zaidi. Na kuna raha moja ya Julai ambayo wakazi wa Nyeri wanaoishi chini ya wingu zito hawaijui mpaka wapande: ukifika mita 3,000 na kitu mara nyingi unatoboa wingu, unajikuta kwenye jua kali na anga la buluu, chini yako bahari nyeupe.

Huko juu ya msitu ndiko kunakokaa ndege ambaye peke yake anastahili safari: chozi wa milima mirefu, dume wa kijani kibichi cha kung'aa, mkia mrefu mwembamba, na vishungi vyekundu chini ya mabawa anavyovionesha akigombana. Anaishi na lobelia. Mmea huo unasimama kama mnara wenye manyoya, maua yamejificha ndani, na chozi huuzunguka akiingiza mdomo hapa na pale, akinywa asali ya maua na kula wadudu walioketi humo kujikinga na baridi. Dume hulinda lobelia zake kama mwenye duka. Kaa mita kumi kutoka kwenye mmea unaochanua, usitembee, atakuja.

Wanabotania wana msemo juu ya uwanda huu: kiangazi kila mchana, baridi kali kila usiku. Saa saba mchana unavua koti, saa moja jioni unavaa kila kilichomo begini. Lobelia hufunga majani usiku kulinda kichipukizi, na ndege hujificha kwenye majani makavu yaliyoning'inia kwenye shina la seneshio, mmea mwingine mkubwa wa huko juu. Utamwona pia ndege mdogo wa rangi ya udongo, asiye na urembo wowote, anayekusogelea mpaka kwenye kiatu. Wapandaji hawamjali. Mimi humpenda kuliko chozi, kwa sababu ndiye pekee mlimani asiyeonekana kujua kwamba kuna baridi.

Halafu yuko bundi wa Mackinder, mkubwa, macho ya rangi ya chungwa, anayekaa kwenye magenge ya mabonde ya juu akiwinda panya. Ukishindwa kupanda usisikitike: bundi hao wanakaa pia kwenye mabonde ya mashamba upande wa Nyeri, na baadhi ya wenyeji huwapeleka wageni kuwaona. Tunajua jinsi bundi anavyoogopwa, kwamba akilia juu ya paa kuna msiba. Mkulima anayemlinda bundi kwa sababu anamlia panya na kumletea wageni amefanya mapinduzi madogo ambayo hayakutangazwa redioni.

Gharama ya yote haya ni mwili. Mita 4,000 kuna kichwa kuuma, kukosa usingizi, na kwa wengine kichefuchefu. Lala usiku wa kwanza karibu na lango au kwenye kibanda cha Old Moses, mita 3,300, na ukitosheka na ndege wa hapo, rudi. Hakuna aibu. Aliye na shinikizo la damu lisilotulia au maradhi ya moyo asikae huko juu bila ushauri wa daktari.

Aberdare: jirani anayedharauliwa

Aberdare iko ng'ambo ya bonde kutoka Mlima Kenya na watu huipita kama kituo cha basi. Kosa. Kwa mtu asiyeweza au asiyetaka kutembea, hii ndiyo njia nyepesi kuliko zote ya kufika kwenye uwanda wa juu. Gari linakupeleka mpaka mita 3,000. Lango la Kiandongoro ni la upande wa Nyeri na la Mutubio ni la upande wa Kinangop, na barabara inayounganisha pande hizo inakatiza uwanda mzima wa majani ya mashuke. Mzee wa miaka 75 anaweza kushusha kioo cha gari akamwona kwale wa Jackson, mkubwa, mwenye miguu myekundu, akitembea barabarani asubuhi kana kwamba barabara ni ya babu yake.

Majanini humo mna ndege mdogo wa kahawia, mwenye michirizi, asiyepatikana nje ya nyanda za juu za Kenya. Ukishuka Kinangop, nje ya hifadhi, kuna mwingine wa Kenya pekee: kifua cha manjano, anayeishi kwenye majani mafupi ya malisho. Malisho hayo yanalimwa viazi mwaka hadi mwaka, na kila shamba jipya linampunguzia nyumba.

Lakini kuwa mkweli nafsini mwako kuhusu Julai ya Aberdare. Ukungu. Baridi ya mchana yenye manyunyu, ile inayoingia kwenye mifupa kuliko baridi kavu ya Sirimon. Tope jekundu linalohitaji gari la magurudumu yote manne kuvuta. Na kuna nyati na tembo wengi. Uzio wa umeme wa kilomita kama 400 uliokamilika mwaka 2009 unawazuia kwenda mashambani, haukuzuii wewe kukutana nao ndani. Kutembea ni pamoja na askari wa hifadhi. Kwa sababu hiyo Aberdare naiweka kwenye baridi ya pili: Januari na Februari, uwanda ukiwa mkavu na unaona mpaka Mlima Kenya. Kipupwe nenda tu kama unaipenda hali yenyewe, maana maporomoko ya Karuru yakitokeza kutoka kwenye ukungu, mita 273 kwa hatua tatu, hayasahauliki.

Wanaokimbia theluji: kwa nini Arusha

Sasa tugeuke kaskazi. Kuanzia Oktoba anga letu linajaa: mbayuwayu wa Ulaya, keremkerem, tai wa nyika za Asia ya kati, na vindege vya kijani-kijivu vyenye uzito wa gramu kumi vilivyotoka Urusi. Wengi wa hawa hawafuati milima. Wanafuata wadudu na maji. Ndiyo maana mlima mtupu, hata uwe mzuri vipi, huongezewa ndege wachache tu mwezi Januari. Unachotaka ni mlima wenye maziwa miguuni.

Hifadhi ya Taifa ya Arusha ndiyo hiyo. Ilianza mwaka 1960, inaubeba Mlima Meru wenye mita zaidi ya 4,560, bonde la Ngurdoto, na maziwa ya Momella. Maji ya Momella ni ya magadi, na kila ziwa lina rangi yake kulingana na mimea midogo iliyomo. Heroe huja na kuondoka wapendavyo. Bata wa Ulaya na Asia hutua kuanzia Oktoba na kukaa mpaka Aprili: yule mwenye mdomo mpana kama mwiko, yule mwenye mkia uliochongoka kama sindano, na yule mdogo ambaye dume wake akishavaa manyoya mapya huwa na ufito mweupe juu ya jicho. Nasema "akishavaa" kwa sababu Oktoba madume bado wamevaa manyoya ya kuficha, wote wanafanana na majike, na anayeanza atachanganyikiwa. Januari wengi wamependeza. Subiri Januari.

Pamoja nao wapo wenyeji wasiokwenda popote, kama bata wa Maccoa, dume mwekundu wa hudhurungi mwenye mdomo wa buluu, anayezama kila unapoinua kamera.

Ubora wa Arusha ni kwamba hakuna anayebaki nyumbani. Ni safari ya siku moja kutoka Arusha au Moshi, kupitia Usa River. Asubuhi ziwani, mchana msituni chini ya Meru, ambako mbega wanaruka na shorobo (wengine humwita kulukulu) anakohoa juu ya mti. Shorobo huyo ni wa kijani na buluu mpaka aruke. Hapo mabawa yanawaka mekundu. Wekundu huo ni rangi yenye shaba ndani yake, kitu ambacho karibu ndege wengine wote hawana. Aliye na nguvu atembee na askari kuelekea Miriakamba, mita 2,514, kupitia msituni. Hakuna simba, lakini nyati wapo, na bunduki ya askari haiko pale kwa mapambo.

Mwezi Julai Arusha bado ni nzuri, ila imepoteza bata wageni na wingu la Meru halipandi mpaka mchana. Ningeipa nafasi ya tatu kwa kipupwe, ya kwanza kwa kaskazi.

Neno kuhusu milima ya Kenya miezi hiyo: kando ya msitu wa Mlima Kenya na Aberdare angalia miti yenye matunda madogo. Kuna kindege wa kijivu kutoka Ulaya, dume ana kofia nyeusi, jike ana kofia ya kahawia, ambaye huja kula matunda kwenye misitu yetu ya juu. Huko Ulaya anaimba kila bustani. Huku ananyamaza mpaka Machi, halafu siku chache kabla ya kuondoka anaanza kujaribu koo.

Kilimanjaro na Udzungwa, kwa kifupi

Kilimanjaro sitaisema vibaya, ila Julai na Agosti ni msimu wa watalii, njia imejaa wagumu (wapagazi) na wageni, na msituni kinachosikika zaidi ni salamu. Ndege wa juu ni takriban wale wale wa Mlima Kenya. Kama hutaki kilele, tembea siku moja kutoka lango la Marangu hadi Mandara, mita 2,720, upite kwenye shimo la Maundi, urudi. Ukifika Horombo chunga begi: kunguru wakubwa wenye ukosi mweupe shingoni wanajua kufungua zipu kuliko mtoto wako. Anayepanda kwa ajili ya mlima abebe darubini. Anayesafiri kwa ajili ya ndege aende kwingine.

Udzungwa ni kinyume. Hifadhi ya taifa tangu 1992, haina barabara ndani, ni miguu tu, na lango la Mang'ula liko bondeni, kwa hiyo kipupwe kinakuwa hali ya hewa nzuri ya kutembea na si baridi hasa. Njia ya maporomoko ya Sanje, mita 170, ni ya nusu siku na jasho. Sifa yake kubwa kwa watu wa ndege inatokana na mwaka 1991, watafiti walipoona kwenye sufuria ya kambi miguu ya "kuku" wasiyemfahamu. Akagundulika kuwa kwale wa msituni asiyejulikana na sayansi, ambaye ndugu zake wa karibu wako Asia. Wawindaji wa pale walimjua zamani, na walijua pia ladha yake. Lakini usiende Mang'ula ukidhani utamwona: anaishi misitu ya juu, mbali, safari ya kambi na siku kadhaa. Ukiwa na siku mbili tu, Amani inakulipa zaidi.

Vitu ambavyo hubadilisha uamuzi

Fedha: raia wa Afrika Mashariki hulipa ada ndogo sana kuliko mgeni, nchi zote mbili, mradi una kitambulisho mkononi. Kisahau nyumbani uone. Pesa nyingi hasa huliwa na usafiri, na hapo Arusha ni nafuu, Aberdare ni ghali kwa sababu ya gari, Mlima Kenya ni ghali kwa sababu ya siku.

Macho: kwenye msitu wenye ukungu usichukue darubini ya kukuza mara 12. Mkono unatetemeka kwa baridi na picha inatetemeka nao, tena mwanga ni mdogo. Ya 8×42, yaani inayokuza mara 8 na yenye lenzi ya milimita 42, inatosha kila mahali nilipotaja, isipokuwa Momella, ambako bata wako katikati ya ziwa na ungetamani darubini kubwa ya miguu mitatu. Ukitoka kwenye baridi ukaingia kwenye gari lenye joto, lenzi hufanya ukungu. Iache ndani ya begi dakika kumi kabla ya kuifuta.

Miguu: soksi za sufu jozi mbili na gambuti. Nimeona watu wenye makoti ya gharama kubwa wakiharibikiwa na soksi za pamba zilizolowa.

Watoto waende Arusha, bila mjadala. Wakichoka na ndege kuna twiga. Wazazi wazee waende Aberdare mwezi Februari. Vijana wenye mapafu waende Sirimon Julai. Anayetaka kuongeza idadi kwenye orodha yake aende Amani.

Na kama unaweza kwenda mahali pamoja mara mbili, nenda Zigi Julai, kisha urudi Januari, utembee njia ile ile. Kichaka kile kile ambacho Julai kilikuwa na ndege mwenye nyota usoni, Januari hakina mtu. Amepanda juu, ana kiota. Juu yake kwenye tawi kuna kindege wa kijani-kijivu anayeokota wadudu wa majani bila kupumzika, gramu kumi, na mwezi Aprili ataanza safari ya kurudi Urusi.